Uhuru, Pepo na Gamba la Nyota: Maoni Kuhusu Istilahi za Falaki ya Eksirei

Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi ya Kenya, wahandisi wa Kitaliano walirusha chombo kidogo cha Marekani ambacho kazi yake ilikuwa kuitazama mbingu yote kwa mionzi ya eksirei. Kabla ya kurushwa kiliitwa SAS-A. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba tangu ijitawale, na kwa heshima ya siku hiyo chombo kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya falaki ya eksirei peke yake.

Uhuru kilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya mionzi, na kila kimoja hutanguliwa na alama 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Mwanafalaki wa Tokyo au wa Cambridge anapoandika leo 4U 1700-37 anaandika, ajue asijue, herufi ya kwanza ya neno letu. Msomaji wa Unguja huenda akakumbusha kwamba uhuru wa hapa ulikuwa wa tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya ule wa Kenya, na kwamba Malindi anayoijua yeye ni mtaa wa bandarini katika Mji Mkongwe. Akumbushe, neno ni la wote.

Linalonishughulisha ni kwamba neno limekwenda lakini elimu haijarudi. Zaidi ya nusu karne imepita tangu Kiswahili kitoe jina la chombo kilichofungua tawi zima la sayansi, na bado hatuna, katika kamusi zetu za kawaida wala katika vitabu vya shule, istilahi za kulielezea tawi hilo. Pale ambapo mtu hujaribu, huchukua maneno ya Kiingereza na kuyafasiri moja baada ya jingine. Makala haya yanatetea njia nyingine: kwamba istilahi za elimu hii ziundwe kwa kulitazama jambo lenyewe, kwa maneno ambayo Kiunguja kinayo tayari, kwa sababu baadhi ya majina ya Kiingereza, kama nitakavyoonyesha, ni makosa ya zamani yaliyozoeleka.

Nimechagua mfano mmoja tu, nao ni mawingu ya gesi yanayozizunguka nyota zilizozeeka, ambayo jina lao la kimataifa likifasiriwa neno kwa neno huwa 'nebula za sayari', pamoja na pepo zinazovuma kutoka nyota zilizomo ndani yake. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake mna upepo, na upepo ni jambo ambalo watu wa kisiwa hiki hawahitaji kufundishwa na mtu.

Neno moja kuhusu jina la elimu yenyewe. Baadhi ya wasomaji wangependa niseme 'unajimu'. Nimeliepuka kwa kuwa mnajimu, kwa watu wengi wa Mji Mkongwe, ni yule anayetazamia bahati. Kusema kweli 'falaki' nalo halikusalimika, maana kupiga falaki ni kupiga ramli kwa jina jingine. Lakini falaki bado ni elimu inayotumika kujulia nyakati za sala, kibla na miandamo ya miezi, na kwa hiyo lina mguu mmoja katika hesabu. Nimelichukua kwa mguu huo.

Jambo lenyewe

Nyota yenye uzito kama wa Jua letu, au uliozidi hapo hadi kufikia takriban mara nane, inapomaliza sehemu kubwa ya haidrojeni iliyomo kiini mwake huvimba ikawa jitu jekundu. Mwishoni mwa uzee huo tabaka zake za nje huanza kuiacha. Haziachi kwa mlipuko. Hutoka kama upepo mzito wa pole, wenye mwendo wa kilomita 10 hadi 15 hivi kwa sekunde, ambao huizunguka nyota kwa gesi na vumbi. Nyota ikishapoteza sehemu kubwa ya mwili wake kwa njia hiyo, kiini chake hubaki wazi: kidogo, kizito, na cha moto kiasi kwamba uso wake waweza kufikia digrii 100,000 za Kelvini na zaidi. Mwanga wa kiini hicho huifanya gesi iliyokwisha kutoka ing'ae, na hicho kinachong'aa ndicho wanafalaki wanachokiona kwa darubini, mara kikiwa duara, mara yai, mara mabawa mawili ya kipepeo.

Nyota ya kiini nayo huvuma. Mwanga wake mkali huisukuma gesi nyepesi ya usoni pake kwa kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde na zaidi, wakati mwingine maelfu kadhaa. Msomaji ajaribu kuipima kasi hiyo kwa kipimo cha nyumbani. Safari ya Maskati hadi Unguja, ambayo jahazi lililosukumwa na kaskazi lilihitaji wiki kadhaa kuimaliza, upepo huo ungeikata kwa sekunde nne hivi.

Sasa basi, upepo wa kasi umetoka nyuma ya upepo wa pole, na njia ni moja. Lazima utaufikia. Mwaka 1978 Sun Kwok, pamoja na Purton na FitzGerald, walitoa hoja kwamba kufikiana huko ndiko kunakolifinyanga umbo tunaloliona: upepo wa kasi huufagia ule wa pole na kuulundika ukawa ganda. Lakini hoja hiyo ilibeba matokeo mengine ambayo hayakuweza kuonekana kwa jicho wala kwa darubini ya kawaida. Upepo wenye kasi ya kilomita elfu moja ukizuiwa ghafla, mwendo wake hugeuka kuwa joto. Penye kizuizi hutokea wimbi la mshindo, na nyuma ya wimbi hilo gesi huwa ya moto mno, mamilioni ya digrii, ikajaza nafasi iliyo kati ya nyota na ganda. Gesi ya joto hilo haitoi mwanga wa kuonekana kwa wingi; hutoa mionzi ya eksirei. Ikiwa hoja ya Kwok na wenzake ni sahihi, basi ndani ya kila ganda changa pasakwe kiputo cha eksirei.

Kukisaka si kazi ya ardhini. Hewa yetu huizuia mionzi hiyo isitufikie, jambo ambalo tulishukuru, na kwa hiyo chombo cha kuipokea sharti kipande juu ya hewa. Uhuru kilipanda, lakini hakikuwa na uwezo wa kuona vitu hafifu kama hivi. Vilivyokidhihirikia vilikuwa vikali zaidi, hasa nyota za nyutroni na mashimo meusi yanayozinyonya nyota jirani. Chombo cha Ulaya, EXOSAT, kilichorushwa mwaka 1983, kilipokea mionzi kutoka NGC 1360, na ROSAT cha miaka ya 1990 kikaongeza mingine. Hata hivyo ni vyombo viwili vya mwaka 1999, Chandra kilichorushwa Julai na XMM-Newton kilichorushwa Desemba, vilivyoweza kuitenga nyota na kiputo kinachoizunguka. Picha za Chandra za NGC 6543, zilizotolewa mwaka 2001, zilionyesha mionzi ikijaza uwazi wa ndani wa ganda, na katikati, mbali nayo, nukta ya nyota yenyewe.

Kiputo kipo, basi. Tatizo ni joto lake. Kwa hesabu ya mshindo peke yake, upepo wenye kasi ile ungetoa makumi ya mamilioni ya digrii; vipimo vikasema milioni moja hadi tatu. Wapo wanaosema kwamba joto la kiputo huvuja kuelekea kwenye ganda baridi, likaivukiza gesi ya ganda na kuiingiza ndani. Wapo wanaosema kwamba mpaka kati ya kiputo na ganda haukai kimya, hukorogeka, na gesi mbili huchanganyika. Vyovyote iwavyo, kilichopimwa si upepo wa kasi mtupu. Ni upepo uliokwisha kupozwa na jirani yake.

Mwaka 2012 Joel Kastner na wenzake walitoa matokeo ya kwanza ya uchunguzi mpana uliofanywa kwa Chandra. Walikusanya 35 kati ya vitu hivi vilivyo karibu nasi, katika umbali usiozidi miaka ya nuru 5,000 hivi, wakakuta mionzi katika takriban asilimia 70. Katika baadhi palikuwa na kiputo. Katika vingine, na ndivyo vilivyowashughulisha zaidi, mionzi ilitoka kwenye nukta ya kati peke yake, nayo ilikuwa na nguvu kuliko inavyoweza kutolewa na uso wa nyota ya namna hiyo, hata uwe wa moto vipi. Katika nyota kadhaa yamkini kuna nyota mwenzi iliyojificha. Katika nyingine yamkini upepo wa kasi wenyewe hugongana ndani kwa ndani kabla haujafika popote.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Msomaji aliyefika hapa amesoma habari ya sayansi ya hali ya juu kwa Kiswahili, na sidhani amekwama isipokuwa katika mahali pachache. Kwa maoni yangu mahali penyewe ni patatu: upepo, jina la kitu chenyewe, na eksirei.

Upepo na pepo

Huko Ulaya na Marekani, matumizi ya neno 'upepo' kwa kitu kinachotoka katika nyota yalitiwa nguvu na Eugene Parker mwaka 1958 alipouandikia upepo wa Jua. Kwa lugha yake lilikuwa neno moja la jumla. Kiunguja hakina umaskini huo. Kina kaskazi na kusi, ambayo ni majina ya upepo, ya msimu na ya upande kwa pamoja. Kina matlai utokao mashariki na umande utokao bara asubuhi. Kina maleleji na tanga mbili, wakati upepo haujaamua. Nahodha hutofautisha pia kwa chombo chake: upepo wa omo humkabili, wa tezi humsukuma.

Haya si mapambo. Mwalimu anayetaka kueleza kufikiana kwa pepo mbili za nyota akitumia mfano wa kaskazi kukutana na kusi atakuwa amepotosha, kwa maana hizo mbili zinatoka pande mbalimbali na zikikutana huleta utulivu au kigeugeu. Mfano ulio sawa ni wa tezi: upepo wa kasi unaufuata ule wa pole kwa nyuma. Mwanafunzi aliyekulia Nungwi au Mkokotoni ambako babu yake alijenga au aliongoza majahazi akiambiwa 'upepo wa kasi unaujia ule wa pole kwa tezi' ataliona jambo lote kwa mara moja, pamoja na mlundikano unaofuata. Sijaona maelezo ya Kiingereza yanayolisema kwa ufupi hivyo.

Kuna pingamizi mbili ambazo ni za haki. Ya kwanza ni kwamba upepo wa Unguja ni hewa iliyopo inayokwenda, ilhali upepo wa nyota ni nyota yenyewe inayopungua. Mtu aweza kupendekeza 'pumzi ya nyota'. Nililizingatia neno hilo kwa muda mrefu na nimelikataa, kwa sababu pumzi huingia na kutoka, na aliye na pumzi yu hai. Nyota hii iko mwishoni mwa uhai wake na haivuti chochote. Ni bora kubaki na 'upepo' na kumwambia mwanafunzi waziwazi kwamba hapa upepo hutoka katika mwili wa nyota. Kuongeza sharti moja katika maana ya neno linalojulikana ni rahisi kuliko kuliua neno na kulifufua.

Pingamizi ya pili ni ya wingi. Upepo katika wingi huwa pepo, na pepo katika kisiwa hiki ni jambo zito. Sina shaka kwamba mtu akitangaza katika redio kuwa nyota ina pepo wapo watakaopendekeza fukizo. Lakini sarufi inatulinda. Pepo za kaskazi zinavuma. Pepo wa kichwani hupanda na huagwa. Hakuna mzungumzaji wa Kiunguja anayezichanganya hizo mbili pale upatanisho wa kisarufi unapokuwepo, na istilahi zetu huishi katika sentensi. Tusizikimbie 'pepo za nyota' kwa hofu ambayo mabaharia hawakuwa nayo.

Napendekeza basi: upepo wa nyota, wingi pepo za nyota, upepo wa pole, upepo wa kasi. Kwa mahali pa kugongana, wimbi la mshindo. Kwa nafasi ya moto iliyo ndani, kiputo, neno ambalo kila mtoto aliyecheza na sabuni analijua.

Kosa la Herschel

Jina la kitu chenyewe ndilo lenye matatizo zaidi. William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, alikutana katika miaka iliyofuata na viduara hafifu mbinguni ambavyo kwa darubini yake vilifanana na sayari hiyo, akavipa jina la sayari. Kufanana ndiko kulikoishia hapo. Mwaka 1864 William Huggins aliuchambua mwanga wa kimojawapo, nacho ni NGC 6543 ile ile ambayo Chandra ingeipiga picha miaka zaidi ya mia baadaye, akaona kwamba ni gesi. Wataalamu waliujua ukweli na hawakulibadilisha jina. Waarabu wakalifasiri kwa 'sadimu' na 'kaukabi', kwa hiyo kosa likavaa kilemba.

Sisi tunaanza sasa, na anayeanza halazimiki kurithi deni. Neno letu 'sayari' asili yake ni Kiarabu, nalo humaanisha chenye kusafiri; kwa Waarabu wa leo 'sayyara' ni gari. 'Nebula ya sayari' kwa sikio la mwanafunzi wetu humaanisha ama ukungu uliotokana na sayari, ama ukungu unaozizaa sayari. Yote mawili ni uongo. La pili ni baya zaidi, kwa sababu yako mawingu mengine ya angani ambayo kweli huzaa nyota na sayari, na mwanafunzi ataweka mwisho wa nyota mahali pa mwanzo wake.

Kuna jambo la karibuni linaloongeza uzito. Tangu mwaka 1980 vyombo vya eksirei vimekuwa vikipokea mionzi yenye nguvu isiyotarajiwa kutoka nyota iliyo katikati ya Helix, mojawapo ya vitu hivi vilivyo karibu nasi sana. Nyota hiyo haina mwenzi anayeonekana. Mwaka 2025 kundi la wanafalaki lilitoa rai kwamba huenda nyota hiyo iliivunja sayari iliyoikaribia, na kwamba mionzi inatokana na vifusi vya sayari hiyo vinavyoiangukia. Ikiwa rai hiyo itathibitishwa, sayari halisi itakuwa imepatikana ndani ya kitu kilichopewa jina la sayari kwa makosa. Mwanafunzi aliyefundishwa 'nebula ya sayari' atasema: ndiyo maana ikaitwa hivyo. Hakuna mwalimu atakayeweza kumtoa hapo.

Tuite nini, basi? Nilipendezwa kwanza na 'kumbi', kwa maana ya kumbi la nazi, kwa kuwa anayefua makumbi Unguja anajua kwamba kinachoondoka ni cha nje na kinachobaki ndani ni kigumu. Lakini kumbi huondolewa kwa kifuo na mkono wa mtu, na nyota haina mfuaji. Isitoshe neno hilo lina maana za jando na za majumba. 'Ganda' linafaa kwa tabaka lililolundikwa, na nimelitumia hivyo, ila kwa kitu kizima halisemi kwamba kimevuliwa. Neno linalosema hivyo ni 'gamba'. Nyoka hujivua gamba mwenyewe, huliacha nyuma likiwa na umbo lake, naye huendelea kuwa nyoka yuleyule. Nyota nayo hujivua, huacha umbo, na kiini chake hubaki kidogo na chenye moto. Napendekeza gamba la nyota, wingi magamba ya nyota. Na kile kilichobaki kati, nyota ya kiini.

Najua kwamba tangu mwaka 2011 maneno 'kujivua gamba' yamechezewa katika siasa za nchi hii kiasi kwamba wengine watacheka. Wacheke. Siasa hupita, nyoka bado yupo.

Eksirei

Hapa nitakuwa mfupi. Neno lenyewe limekwisha kutoholewa na kukubalika. Röntgen alipoigundua mionzi hiyo mwaka 1895 aliita kwa alama ya kisichojulikana, na Waarabu wakatumia herufi yao ya sini kwa sababu ileile. Sisi tumepokea sauti ya Kiingereza, na sioni haja ya kuibadilisha. Tatizo liko katika kitenzi. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja na kwingineko mgonjwa hupigwa eksirei. Mashine hutoa, mwili huzuia, picha hutokea. Kwa mtu wa kawaida eksirei ni hiyo picha, au hicho kitendo cha kupigwa. Akiambiwa kwamba Chandra 'kimepiga eksirei gamba la nyota' ataelewa kwamba chombo kilirusha mionzi hadi huko ikarudi, yaani kinyume kabisa cha kilichotokea. Kwa hiyo tutenge: 'picha ya eksirei' iwe ya hospitali, 'mionzi ya eksirei' iwe ya kitu chenyewe, na vyombo vya angani vipokee, visipige. Ni suala la kitenzi kimoja, lakini wanaounda istilahi zetu huorodhesha nomino na kuviachia vitenzi vijitafutie riziki.

Kwa nini Unguja

Yupo atakayeuliza kwa nini suala hili lishughulikiwe na wanaisimu wa kisiwa kisicho na darubini kubwa. Jibu la kihistoria lipo. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na usanifishaji huo, pamoja na faida zake zote, ulipokea kutoka Unguja sarufi na msamiati wa kawaida kuliko msamiati wa fani za bahari na mbingu. Mwenye kufungua kamusi ya Sacleux, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1939, ataona ni maneno mangapi ya pwani ambayo hayakuingia katika vitabu vya shule. Elimu ya nyakati ipo hai: Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai kwa hesabu ya Nairuzi, na manahodha wa zamani walihesabu siku za Nairuzi kwa miongo ili kujua wakati wa kutweka. Nyota za Kilimia zimepewa jina kwa kazi, yaani kulima, na hiyo ni kanuni ya kuunda istilahi iliyotangulia kamati zote.

Ipo pia historia ya aina nyingine. Mapema miaka ya 1960 Wamarekani walijenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wao wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na kituo hicho. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kiliondolewa mwaka huohuo. Sibishani hapa na uamuzi huo, ambao ulikuwa na sababu zake katika mivutano ya wakati ule. Ninachokiona mimi ni kwamba elimu ya anga ilikaa kisiwani kwa miaka kadhaa na ikaondoka bila kuacha hata istilahi kumi, kwa sababu haikuzungumzwa na mtu yeyote kwa lugha ya mahali.

Leo hali ya vifaa si kisingizio. Vipimo vya Chandra na XMM-Newton huhifadhiwa katika hazina ambazo, baada ya muda maalumu kupita, huwa wazi kwa kila mtu mwenye kompyuta na intaneti, awe Boston au awe Vuga. Anayetaka kuandika makala ya utafiti atahitaji Kiingereza, na sina nia ya kumdanganya kwamba hatakihitaji. Ninayemfikiria ni mtoto wa darasa la 5. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa hilo. Watetezi wa mwelekeo huo walidai, pamoja na mengine, kwamba Kiswahili hakina maneno. Hoja hiyo haijibiwi kwa hotuba za kuisifu lugha wala kwa maadhimisho ya tarehe 7 Julai. Hujibiwa kwa maneno yenyewe, yaliyopimwa.

Kazi ya kuunda istilahi nyingi kwa mpigo imefanyika kabla, na TUKI ilipotoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 ilionyesha kwamba inawezekana. Mwansoko na Massamba, miongoni mwa wengine, walikwisha kuandika kuhusu mbinu za kazi hiyo. Upungufu ninaouona ni kwamba istilahi zetu huishia mezani. Kamati hukaa, orodha hutoka, na mtu wa kwanza kulisikia neno darasani huwa ni mtoto ambaye hakuulizwa. BAKIZA na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho kilimeza TAKILUKI pamoja na uzoefu wake, wanaweza kufanya kinyume kwa gharama ndogo. Wachukue istilahi zisizozidi ishirini za tawi hili. Wazipeleke kwanza kwa manahodha na wavuvi wa Nungwi, Mkokotoni na Makunduchi, na wasikilize zaidi ya kueleza. Umri wa wazee hao haumngojei mtu. Kisha wazipeleke katika madarasa mawili ya shule moja, darasa moja likisomeshwa kwa 'nebula ya sayari' na jingine kwa 'gamba la nyota', kwa maelezo yaleyale na mwalimu yuleyule. Baada ya wiki moja watoto waulizwe kitu hicho ni nini, kimetoka wapi, na upepo upi ulianza kuvuma. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, na lile neno litakalowafanya watoto wengi waulize sayari iko wapi liondolewe katika orodha.